Neno "Kazi" Katika Hukumu ya Talaka

Nyegezi iko kusini mwa mji wa Mwanza, pale barabara ya Shinyanga inapouaga mji na majabali yanapokaribiana na maji ya Ziwa. Kuna kituo kikubwa cha mabasi, kuna chuo cha uvuvi, na kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ambacho kilianza mwaka 1960 kikiwa chuo cha mafunzo ya jamii, kikapanda daraja la chuo kikuu mwaka 1998. Palipokuwa mashamba sasa ni viwanja. Kila kiwanja kina karatasi yake, na kila karatasi ina jina juu yake, na aghalabu jina hilo ni la mwanamume. Jambo hilo halimshughulishi mtu maadamu chungu kiko mekoni na watoto wanakwenda shule. Hushughulisha siku ndoa inapovunjika.

Siku hiyo huulizwa swali moja ambalo kila mtu hudhani jibu lake ni jepesi: nyumba hii ameijenga nani? Mume hutoa stakabadhi za saruji na mabati. Mke huuliza ni nani aliyechota maji ziwani ya kufyatulia matofali, nani aliyewapikia mafundi, nani aliyekaa na watoto mume alipokuwa kisiwani wiki tatu akivua sangara. Mume hujibu kwamba hayo ndiyo aliyoolewa ayafanye. Majibu hayo mawili ni makongwe kuliko Nyegezi yenyewe, na njia iliyopitwa mpaka Tanzania ikayatolea hukumu ni ndefu, ina mapindo, na katikati yake limekaa neno moja dogo: kazi.

Katika mila za Wasukuma, wenyeji wa sehemu hizo, hesabu ya ndoa ilikuwa hesabu ya ng'ombe. Bukwi, yaani mahari, ndiyo iliyoamua watoto ni wa ukoo gani. Ng'ombe wakilipwa, watoto ni wa baba. Wasipolipwa, watoto hubaki ujombani. Ndoa ikivunjika, wazee walikaa kuhesabu ng'ombe wangapi warudi kwa mume na wangapi wapunguzwe kwa ajili ya watoto waliokwisha kuzaliwa. Hesabu hiyo ilijuliwa na kila mtu, ilikuwa na mashahidi, na ilizuia ugomvi mwingi. Lakini ilikuwa hesabu baina ya koo mbili. Mwanamke mwenyewe alikuwamo ndani yake kama sababu ya hesabu, si kama mmoja wa wanaohesabiana.

Msomaji aliyekipitia kitabu cha Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya maji kutoka Mwanza, atakumbuka kuwa masaibu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka yaanza kwa mke kuchukuliwa kwao. Kitereza alikiandika kitabu hicho kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na chapa yake ni ya mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Bugonoka hakuachwa na mumewe. Wazazi wake ndio waliomwondoa, kwa kuwa ndugu za mume walimsimanga kwa ugumba. Na mume, ambaye alimpenda, akatakiwa kupeleka mitungi ya pombe ya ndizi ndipo arudishiwe. Hakuna maandishi ya Kiswahili yanayoionyesha sheria ya mila ikifanya kazi kwa upole na kwa undani kama yale. Na kinachopimwa humo ni heshima ya koo na deni lililo baina yao.

Pwani ilikuwa na mizani nyingine. Mnamo Agosti 1858, Speke, akiongozwa na wapagazi na watu waliotoka Unguja na Mrima, alisimama Mwanza akaliona Ziwa. Mwaka huohuo, upande wa pili wa nchi hizi, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alikuwa akitunga utendi wake wa kumwusia bintiye. Hayo mawili hayana uhusiano ila wa tarehe. Lakini njia ile ya misafara ndiyo iliyoleta Ziwani Kiswahili, Uislamu, na pamoja navyo maneno ya ndoa ambayo Mwanza inayatumia mpaka leo: mahari, talaka, eda. Mwana Kupona aliyapanga mambo ya mke mwema moja baada ya moja, usafi wa nyumba, matunzo ya mume, maneno na pambo, na malipo yake akayaweka akhera, katika radhi ya mume. Utendi huo umepewa sifa zote na umetiwa ila zote. Ila kwa habari hii ina faida kuusoma kwa jicho jingine, kama orodha ya kazi. Mwenye kuhesabu saa za siku katika utendi ule atakuta kwamba mke hana saa aliyokaa bure.

Sheria ya Kiislamu nayo haikumwacha mwanamke mikono mitupu. Mali yake ni yake. Mume hana fungu ndani yake. Akiachwa ana haki ya mahari yaliyobaki, ya nafaka ya eda, na ya mata'a, ambayo wengi wa bara huiita kitoka nyumba. Lakini msingi uleule unaomlindia mke mali yake ndio unaomlindia mume ya kwake. Kila mmoja huondoka na chake, na mwenye chake aghalabu alikuwa ni yule aliyetoka nje kutafuta fedha. Mithali ya Kiswahili yasema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Wahenga waliutaja wajibu wa mume wa kumvika mke na kumtunza; anayepalilia mgomba wenyewe, katika nyumba nyingi za shamba, hawakumtaja.

Wakoloni wa Kiingereza waliziacha mila hizo mbili zikae kila moja na mahakama zake, juu yake wakaweka ya tatu, ndoa ya serikali na ya makanisa. Mwaka 1953 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Mila iliyokuwa kinywani mwa wazee ikawa maandishi. Na mila ikishaandikwa husimama pale ilipoandikwa, hata waliokuwa wakiiishi wakiendelea mbele. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, serikali ilitangaza sheria za mila zilizounganishwa, ambazo wilaya nyingi zilizifuata. Kwa namna hiyo taifa jipya lilipata mila moja ya kusoma, iliyopangwa kwa vifungu, na ndani yake mwanamke aliyeachika hakuwa na mengi ya kudai.

Na Mwanza wakati huo ilikuwa inajaa watu. Mhaya ameoa Msukuma, Mjita ameoa Mkerewe, mtu wa Tabora ameoa kwa kadhi binti aliyebatizwa jana. Wakigombana, waende kwa mila ya nani? Hapo ndipo fikra ya sheria moja ya ndoa ilipopata nguvu. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo, ukajadiliwa mikutanoni na magazetini kwa hamaki isiyo ndogo, na mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Ilikuwa ya Tanzania Bara tu. Visiwani ndoa na talaka za Waislamu zilibaki kwa kadhi.

Sheria hiyo ilizitambua ndoa zote, za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali na za mila, lakini ikaziwekea mlango mmoja wa kutokea. Hakuna anayekwenda mahakamani kudai talaka kabla ya shauri lake kupita baraza la usuluhishi, liwe la kata au la dini, na baraza hilo kutoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu maalumu sheria ilizozitaja. Mahakama nayo haivunji ndoa ila ikiridhika kwamba imeharibika hata haitengenezeki. Kwa Waislamu, talaka iliyotamkwa hupelekwa mahakamani pamoja na hati ya baraza, ndipo hukumu itolewe. Tamko peke yake, mbele ya sheria ya nchi, halikuvunja kitu. Wako wanaume wengi ambao mpaka leo hawaliamini jambo hili, na wako wanawake wengi waliotoka nyumbani na kanga mbili kwa kuwa hawakuambiwa.

Kisha kikaja kifungu cha 114. Kwa kifungu hicho mahakama, inapotoa talaka, ina uwezo wa kuwagawia wawili hao mali waliyochuma kwa juhudi zao za pamoja wakati wa ndoa. Hakimu hutazama desturi za jamii yao, madeni waliyoyakopa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na kiasi cha mchango wa kila mmoja katika fedha, katika mali, au katika kazi. Baada ya hayo yote sheria inamtaka aelemee upande wa usawa. Haikusema nusu kwa nusu, kama wengi wanavyodhani vijiweni, imesema aelemee.

Fedha inajulikana. Mali inajulikana. Lakini kazi ni nini? Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na haikulieleza neno hilo. Katika Kiswahili neno hilo lina tumbo kubwa: kazi ni ajira, kazi ni jembe, kazi ni shughuli ya harusi, na mwanamke asiyekaa chini tangu alfajiri huambiwa na jirani yake, "Pole na kazi." Ajabu ni kwamba mwanamke huyohuyo akifika mahakamani na kuulizwa kazi yake, huandikwa kuwa hana kazi, ni mama wa nyumbani. Lugha iliyojua kumpa pole haikujua kumwandika.

Majaji wenyewe wakagawanyika. Miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini Mahakama Kuu ilikuwa na fikra mbili. Jaji mmoja angesema kwamba mke aliyelea na kupika amechangia, kwa sababu mume asingeweza kuchuma bila nyumba iliyotulia. Mwingine angesema kwamba kupika na kulea ni wajibu wa mke, kama kulisha na kuvisha ni wajibu wa mume, na mtu halipwi fungu la mali kwa kutimiza wajibu wake. Wa pili huyu, ajue asijue, alikuwa karibu zaidi na Mwana Kupona. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona aliahidi malipo.

Mzozo huo ulimalizwa mwaka 1983, katika rufaa namba 9 ya mwaka huo, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Walioana kwa ndoa ya Kiislamu na wakaachana. Bi Hawa alidai fungu katika nyumba. Mahakama ya mwanzo ikamwambia kwamba hana haki, kwa kuwa alikuwa mke tu, na nyumba ilipatikana kwa fedha ya mume. Mahakama Kuu ikamkatalia pia. Ndipo shauri likafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama changa bado, iliyoundwa mwaka 1979, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na majaji Makame na Kisanga.

Majaji hao hawakulitafuta neno kazi katika kamusi. Waliuliza sheria ile ilitungwa ili kutibu maradhi gani, wakaurudia waraka wa 1969, wakaona kwamba maradhi yenyewe yalikuwa ni hali ya mwanamke anayeachwa akiwa hana chochote baada ya miaka ya kuitumikia nyumba. Ikiwa hivyo, walisema, neno kazi haliwezi kuwa na maana ya kazi ya mshahara peke yake. Kazi za nyumbani zimo. Kwa kauli hiyo mke tu akafutwa katika sheria ya Tanzania Bara, angalau katika vitabu.

Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Ushahidi ulionyesha kuwa mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara kwa faida ya wote wawili, naye akazitapanya. Mahakama ikaona kwamba mchango wake umekwisha kuliwa na hasara aliyoisababisha. Rufaa ikatupwa. Tangu siku hiyo jina lake hutajwa na mawakili wa wanawake kila pembe ya nchi, kila mwanafunzi wa sheria hulikariri, na maelfu wamegawiwa mabati, mashamba na mitumbwi kwa sababu yake. Wanaolitaja jina hilo kwa fahari ni nadra kuieleza sehemu hii ya pili, nayo haifai kuachwa. Mlango alioufungua yeye, wenziwe walipita. Yeye alibaki nje.

Mwanza ilipata zamu yake mwaka 1990. Shauri halikuwa la talaka, lilikuwa la urithi, ila lilitoka katika swali lilelile la nani anahesabiwa. Holaria Pastory, Mhaya, alirithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake, na Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwawe, Bernardo Ephrahim, akashitaki: kwa mila, na kwa tangazo lile la 1963, mwanamke aweza kurithi shamba la ukoo alitumie, asiliuze. Mahakama ya mwanzo ikamkubali. Mahakama ya wilaya ikapindua. Jaji James Mwalusanya, akiketi Mahakama Kuu ya Mwanza, alitazama hati ya haki za binadamu iliyotiwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, akaamua kuwa kanuni hiyo ya mila inabagua na haiwezi kusimama. Mauzo yakathibitishwa. Mpwa akapewa miezi sita alikomboe shamba kwa bei ileile iliyolipwa, kama ambavyo mwanamume wa ukoo angekombolewa. Hukumu hiyo haikuidharau mila. Iliitaka ipime kwa kipimo kimoja.

Mwaka 2001 sheria mpya za ardhi, zilizopitishwa 1999, zilianza kutumika. Ndani yake limo jambo ambalo lafaa lijulikane Nyegezi kuliko pengine popote, kwa jinsi viwanja vinavyonunuliwa kwa jina moja: ardhi ikiwa kwa jina la mume, na mke amechangia kwa jasho lake katika kuizalisha, kuitunza au kuiendeleza, huhesabiwa kuwa na haki ndani yake. Na nyumba ya ndoa, tangu sheria ya 1971, haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila idhini ya mwenziwe. Hata hivyo nyumba zimeuzwa, kwa karatasi ya mtaa na mashahidi wawili, mke akiwa msibani kwao.

Kambi za wavuvi zina tatizo lake. Sangara aliponenepesha mifuko ya watu miaka ya themanini na tisini, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, watu wengi walianza kuishi pamoja bila posa, bila kadhi, bila padri. Mwanamke anakaanga dagaa na kuwauza, mwanamume anatafuta injini ya mtumbwi. Baada ya miaka kumi kuna nyumba na watoto wanne. Sheria ya 1971 iliwafikiria: waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na watu kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Hata ikithibitishwa kuwa hawakuoana, mwanamke na watoto hawafukuzwi mikono mitupu. Mahakama yaweza kuamuru matunzo na nafuu nyingine.

Ama matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, historia yake inatia haya. Sheria iliyorithiwa kwa wakoloni iliweka kikomo ambacho hakimu hakuweza kukivuka: shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi ikaporomoka, bei ya unga ikapanda mara mia, kikomo kikabaki palepale, mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta. Mama wa Nyegezi aliyeshinda kesi yake miaka ya tisini alikwenda kuchukua fedha isiyofikia nauli iliyompeleka. Siku hizi hakimu hutazama kipato cha mzazi na hali ya mtoto. Na katika ulezi, ambao pwani huitwa hadhana, ng'ombe hawaulizwi tena: linalotangulia ni maslahi ya mtoto, na aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni bora akae na mama, ila ikionekana vingine.

Visiwani nako mambo hayakusimama. Sheria mpya ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya mwaka 2017 iliutaja mgawanyo wa mali ya ndoa miongoni mwa mambo anayoweza kuyaamua kadhi, kwa mwenye kuonyesha mchango wake. Kwa njia nyingine, na kwa hoja za fiqhi, swali la Bi Hawa limevuka bahari. Bara nako, mwaka 2021, Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na watafsiri wamekaa kitako na vifungu vya 1971.

Lakini Mahakama ya Rufani imekwisha kusema, tena zaidi ya mara moja, kwamba kiasi cha mchango ni jambo la ushahidi. Mume huja na stakabadhi zake katika bahasha. Mke wa Nyegezi hulazimika kumleta fundi aliyekula ugali wake miaka kumi na miwili iliyopita, kama bado yu hai na kama hajahamia Geita kwenye dhahabu. Au jirani waliyekuwa wakipanda naye mlima na ndoo kichwani kabla ya bomba kufika. Karani huwaapisha, hakimu huuliza ndoo zilikuwa ngapi kwa siku, na jirani hujaribu kukumbuka.